Kompyuta ya Ndani

Miaka ya elfu mbili ilipokuwa inaelekea mwisho, nilifanya kazi ya ufundi wa kompyuta katika mradi mmoja wa korosho mjini Nachingwea. Sikuwa nimesomea. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kawaida, nikakaa nyumbani Lionja mwaka mzima nikipalilia ufuta, halafu nikaanza kwenda mjini kukaa karibu na watu wenye kompyuta. Mmoja wao alikuwa mzungu wa kujitolea, aliyeletwa na mradi kwa mwaka mmoja. Alinivumilia. Alipoondoka, mratibu wa mradi aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Wewe si ulikuwa unamwangalia? Basi endelea."

Kompyuta iliyostahili jina hilo ilikuwa moja. Nyingine mbili zilikuwa za zamani, za kuchapia barua, na zilijaa virusi vilivyoingia na flashi za watu. Kwa kuvikimbia virusi hivyo, yule mzungu aliiondoa Windows kwenye kompyuta mpya akaweka mfumo mwingine, Linux. Lakini orodha ya wakulima ilitunzwa katika programu iliyotengenezwa na mtu wa Dar es Salaam, na programu hiyo ilikubali Windows tu. Mzungu akapata njia. Aliweka programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuigiza kompyuta. Ukiifungua, linatokea dirisha kwenye skrini, na ndani ya dirisha hilo Windows inawaka tangu mwanzo, kana kwamba kuna mashine ya pili imewekwa nyuma ya kioo.

Aliyeitumia kila siku alikuwa katibu muhtasi wetu, mama wa miaka arobaini na kidogo, mwenyeji wa Ruangwa. Yeye ndiye aliyeiita kompyuta ya ndani. Ile yenye Linux aliiita kompyuta ya nje. Alikuwa amepiga taipu miaka kumi na mitano katika ofisi nyingine, na vidole vyake viliibonyeza kibodi kwa nguvu, kama bado kuna utepe wa wino wa kuufikia. Mradi ulimchukua kwa majaribio ya miezi sita. Mwezi ninaousimulia ulikuwa wa sita.

Mratibu alituita wote wawili Jumatatu asubuhi akasema bila kuzunguka. Orodha ya vikundi vitakavyopewa dawa ya salfa na pampu za kuipulizia, vya Nachingwea na vya Ruangwa, ilitakiwa mezani kwake Ijumaa. Mikorosho ilikuwa inaanza kuchanua, na salfa ikichelewa ua linaungua na ukungu. "Mama, orodha ikitoka safi, nasaini mkataba wako," alisema. "Isipotoka, nina barua za vijana wawili wa chuo hapa kwenye droo. Nisamehe, lakini mradi una wenyewe."

Tulipotoka aliniambia, akiwa anafunga vizuri kanga yake ya mabegani, "Kulima sikatai, mwanangu. Nikirudi kwetu nitalima, jembe halinitishi. Ila nisirudi watu wakasema kompyuta ilimshinda."

Nilimwambia haitamshinda.

Sasa nieleze tabia yangu, kwa sababu bila hiyo hakuna kilichotokea. Wakati ule nilikuwa siwezi kuacha kitu kikiwa kimekaa upande. Nyaya za nyuma ya meza nilizifunga kwa uzi, nikazifungua, nikazifunga tena kwa mpangilio wa urefu. Nilibadilisha majina ya mafaili ya watu bila kuwauliza, kisha wakawa hawayaoni. Nilikuwa nimeandaa kwenye daftari utaratibu wa kutunza nakala za kazi zote za ofisi, kurasa tisa, wenye michoro, na kwa sababu ukurasa wa tisa ulikuwa haujaniridhisha sikuwa nimetunza hata nakala moja. Watu waliita hali hii bidii. Mimi nilijua ni woga. Niliamini kwamba siku yoyote atapita mtu aliyesomea kweli, atatazama nilichofanya kwa dakika moja, na atacheka.

Ile programu ya mzungu ilikuwa na kasoro moja. Kila kompyuta ilipowaka, katika mistari mingi inayopita kwenye skrini, mmoja ulisema kwamba kiini cha mfumo kimechafuka, kwa kuwa kimeingiziwa kitu kisichokuwa chake. Haukuwa na madhara yoyote. Mama hakuwahi kuuona. Mimi niliuona kila asubuhi, na kila asubuhi nilihisi kama nimetoka nyumbani na shati lenye doa.

Kwenye mtandao, ambao tuliupata kwa kusubiri sana, nilisoma kuhusu programu ya pili. Ilifanya kazi ileile ya kuigiza kompyuta, lakini yenyewe ilikuwa imezaliwa ndani ya kiini cha Linux. Haikuchafua kitu. Watu wa kwenye mabaraza ya huko mtandaoni waliisifu kwa maneno ambayo nilitamani niyaseme mimi. Niliamua kwamba nitaweka hiyo ya pili, nihamishie humo kompyuta ya ndani polepole, na siku moja niifute ya mzungu. Sikumwambia mtu. Nilitaka wakute imekwisha.

Nilifanya hivyo Jumanne asubuhi, wakati mama amekwenda posta. Niliweka programu ya pili, nikaijaribu, ikawaka. Nilipojaribu kufungua ya kwanza ikagoma, ikaleta namba ya kosa ambayo sikuijua. Nikaitoa ya pili kwenye kumbukumbu kwa amri moja, nikajaribu tena, ya kwanza ikafunguka kama kawaida. Nikaona nimemaliza. Sikujiuliza kwa nini. Mtu anayehangaika na urefu wa nyaya hakujiuliza kwa nini.

Mama alirudi, akakaa, akaandika majina ya Ruangwa, huku makatibu wa mwisho wa vikundi vya kule wakisubiri karatasi zao, hadi saa saba. Saa saba umeme ukakatika.

Chini ya meza kulikuwa na betri ya akiba, iliyokuwa ikilia kwa dakika tano kabla ya kuzima. Nilikuwa nimemfundisha mama utaratibu wa dakika hizo tano: kwanza sevu kazi, pili zima kompyuta ya ndani, tatu subiri dirisha lijifunge, nne zima kompyuta ya nje. Ukianza na ya nje, nilimwambia, unaweza kuiua ya ndani. Aliandika maneno hayo kwa mkono wake kwenye kipande cha boksi akakibandika ukutani. Siku ile nilikuwa uani. Niliisikia betri ikilia, nikamsikia akisoma kwa sauti, "Kwanza sevu. Pili ya ndani," kama mtu anayehesabu vidonge.

Umeme uliporudi saa tisa, aliwasha. Kompyuta ya nje ikawaka. Alipofungua ya ndani, dirisha likaja jeusi, likaleta namba ileile, likafa.

"Fundi," aliita. "Njoo uone. Imekataa."

Nilijaribu mara tatu. Kisha nikauliza swali ambalo nimelirudia kichwani kwangu mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kumuuliza mtu.

"Mama, ulianza na ya ndani?"

"Nilianza na ya ndani."

"Una hakika? Ulisubiri dirisha lijifunge?"

Akakitazama kipande cha boksi ukutani. Akatazama mikono yake. "Nilisubiri," alisema, halafu akaongeza, "Nadhani nilisubiri. Ile kitu ilikuwa inapiga kelele."

Sikusema kwamba ni kosa lake. Nilisema tu, "Aa," na nikaguna kidogo, kama daktari. Ilitosha. Namba ile nilikuwa nimeiona asubuhi, kwenye kiti kilekile, na sikuitaja. Nikijitetea naweza kusema kwamba sikuunganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa asubuhi ilikuwa imekubali. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka kuyaunganisha.

Dereva wa mradi alichungulia dirishani. "Vipi fundi, umemuua mgonjwa?"

"Si yeye," mama alijibu. "Ni mimi."

Orodha za vikundi vya Nachingwea zilikuwepo kwenye mafaili ya karatasi. Za Ruangwa hazikuwepo. Makatibu wa vikundi vya kule walizileta zikiwa na sahihi na dole gumba za wanachama, wakasubiri zinakiliwe, wakaondoka nazo. Karatasi iliyopigwa dole gumba na watu wazima haiachwi kwenye ofisi ya mtu mwingine, wala hakuna aliyeshangaa. Kwa hiyo majina yale yalikuwa mahali pawili tu: kwenye kompyuta ya ndani, na kwenye nyumba za makatibu, kule Nanganga na Chunyu na vijiji vya jirani.

Mama hakulia wala hakulalamika. Alimwuliza dereva gari linakwenda Ruangwa lini. Dereva alisema kesho saa mbili, linapeleka magunia. Mama akasema, "Niwekee nafasi. Nitayafuata mwenyewe, mmoja mmoja."

"Dada, Chunyu gari halifiki, nitakuacha njia panda."

"Miguu ninayo."

"Na jua?"

"Jua la kwetu linanijua."

Jumatano saa mbili waliondoka. Alikuwa na mfuko wa rambo, daftari kubwa, na kalamu tatu, mbili za akiba. Kabla ya kupanda aliniambia, "Usiiguse sana, mwanangu, isije ikazidi. Nikirudi na majina tutaandika hata kwa mashine ya taipu."

Saa nne nilifungua faili ambamo kompyuta huandika kila kinachotokea ndani yake. Ningeweza kulifungua Jumanne. Nilisoma kutoka chini kwenda juu. Ilikuwepo sentensi moja nzima, ya kueleweka, nyuma ya ile namba: haiwezi kuanza, sehemu ya prosesa ya kuigizia kompyuta imeshikwa na programu nyingine.

Nilielewa papo hapo. Prosesa ile, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa na sehemu moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na sehemu hiyo haigawanyiki. Anayeiwahi ameichukua. Programu yangu ya pili, kwa kuwa imezaliwa ndani ya kiini, ilikuwa inaamka yenyewe kila kompyuta inapowashwa na kuishika sehemu ile, hata kama hakuna anayeitumia. Jumanne asubuhi niliitoa kwa mkono. Umeme ulipokatika na kurudi, iliamka tena ikaishika. Mama angezima kwa utaratibu wowote, isingebadilisha kitu. Angeweza kuing'oa waya ukutani.

Niliandika amri ileile moja. Kompyuta ya ndani ikafunguka. Orodha ya Ruangwa ilikuwepo nzima, hadi jina la mwisho alilosevu kabla ya betri kuzima. Alikuwa amefuata utaratibu wote.

Saa nne ile gari lilikuwa halijafika mbali. Namba ya simu yake nilikuwa nayo, na mjini Ruangwa mtandao ulikuwepo. Kumpigia sikuweza, maana sauti yangu ingenisaliti. Niliamua kuandika ujumbe. Niliandika: Mama rudi, majina yamepatikana. Nikaufuta, kwa kuwa angeuliza yamepatikanaje. Niliandika: Mama kulikuwa na mgongano wa programu mbili. Nikaufuta, kwa kuwa angeuliza ya pili imetoka wapi. Niliandika mrefu, wenye maelezo yote, nikaona neno "samahani" limekaa mapema mno, nikalihamishia mwisho, nikaona sasa linaonekana kama limesahauliwa. Nilibadilisha "nilikosea" kuwa "ilitokea", nikaona aibu, nikarudisha "nilikosea". Hadi saa nane nilikuwa nimeandika ujumbe mara kumi na moja. Sikutuma hata mmoja. Saa tisa nilipopiga hatimaye, simu yake ilikuwa haipatikani. Alikuwa ameshaingia njia ya Chunyu.

Ningependa kusema kwamba nilimtafuta dereva, au nilipanda gari jingine nikamfuata. Nilibaki ofisini. Alhamisi nzima niliipanga vizuri kompyuta ya nje.

Alirudi Ijumaa saa tano. Viatu alivishika mkononi. Daftari lilikuwa limejaa, maandishi yake yaliyonyooka, kila kikundi ukurasa wake, na pembeni dole gumba jipya la katibu kuthibitisha. Alifika vijiji vyote isipokuwa kimoja. Nanganga aliyapata majina yote asubuhi moja, kwa sababu aliwakuta watu wamekusanyika kwenye msiba, akasubiri wazike, akaketi na akina mama wa pale, akaandika. Aliyasimulia hayo huku akijisugua kisigino, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sentensi niliyoiandaa siku mbili.

"Mama, nimefanikiwa kuirudisha ile ya ndani. Majina yote yapo."

Ndiyo niliyoyasema. Katika maneno yote niliyoyapanga na kuyapangua, hayo ndiyo yaliyotoka, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Alinyanyuka akanishika mikono yote miwili. "Mungu akulinde, baba. Mungu akulinde. Mimi niliiua, wewe umeifufua." Akaenda moja kwa moja kwa mratibu, na mimi nyuma yake, akarudia maneno hayohayo mbele yake. "Huyu kijana ameniokoa, bosi. Nilizima vibaya, yeye ameirudisha."

Mratibu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alisikiliza, akalipokea daftari, akalifungua, akalifunga. Akasema orodha imekuja kwa wakati na anashukuru. Kisha akasema, bila ukali, kwamba kwa kweli jambo hili limemsaidia kuamua. "Mama, wewe ni mchapakazi, hakuna wa kubisha. Lakini safari hii tumepona kwa sababu fundi alikuwepo. Umeme hapa unakatika kila wiki. Siwezi kuwa na mtu ambaye kila umeme ukikatika tunapoteza wilaya moja." Alivuta droo. "Nitakuandikia barua nzuri ya kukutambulisha."

Mama alisema, "Sawa, bosi." Alikuwa bado ameshika viatu.

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Hakuizima vibaya. Aliizima sawasawa. Kulikuwa na programu mbili zinazogombania sehemu moja ya prosesa. Ile ya pili inajipakia yenyewe wakati wa kuwasha, inaishikilia, kwa hiyo ya kwanza ikiomba..."

"Sikuelewi," mratibu alisema. "Kwa hiyo ni kompyuta."

Mlango huo ulikuwa wazi. Ni kompyuta. Ningeitikia kwa kichwa, mama angepona, na mimi ningepona. Sijui kwa nini sikupita. Naona nilikuwa nimechoka tu. Nilitafuta namna ya kusema ambayo isingeacha nafasi ya kutoelewa, na kwa kuwa mbele yangu alikuwa mtu aliyeishi na pampu za korosho kwa miaka, nikaipata.

"Bosi, ni kama kikundi chenye pampu moja," nilisema.

Kila aliyelima korosho kwetu alijua ninachokisema. Kikundi kilikuwa na pampu moja ya injini ya kupulizia salfa, na ilizunguka kwa zamu. Ukimaliza mikorosho yako, jioni unaibeba mwenyewe hadi kwa anayefuata, maana salfa hupulizwa alfajiri, umande haujakauka na upepo haujaanza. Kila msimu alitokea mtu wa kulala na pampu. Zamu yake imekwisha, mikorosho yake imepulizwa, lakini pampu imelala uvunguni kwake, haitumii wala hampi mtu. Mjomba wangu aliwahi kufanya hivyo kule Lionja, nikiwa darasa la nne, na mwaka ule hakuna aliyekuja kumsaidia kubangua.

"Sehemu ile ya prosesa ndiyo pampu," nilisema. "Vikundi ni viwili. Cha mama kilikuwa na zamu. Cha pili hakikuwa na kazi yoyote siku hiyo."

Mratibu aliacha droo. "Kwa hiyo kuna aliyelala na pampu."

"Ndiyo."

"Ile programu ya pili ilitoka wapi?"

"Niliiweka mimi. Jumanne asubuhi, mama akiwa posta."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Mama alikuwa hajageuka. Aliongea akiwa anaangalia meza ya mratibu. "Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

Ningeweza kusema jioni. "Saa nne," nilisema.

Alihesabu. Niliona anahesabu, midomo ikicheza kidogo. "Saa nne tulikuwa hatujafika hata Ruangwa mjini. Tulipofika nilinunua maandazi, nikakaa nje ya duka nikala. Simu ilikuwa mkononi. Nilikuwa naangalia picha ya mwanangu." Akanigeukia. "Ulinipigia?"

"Nilipiga saa tisa."

"Kutoka saa nne hadi saa tisa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika ujumbe."

"Ujumbe gani wa kuandikwa saa tano nzima?"

Mratibu alikohoa, na nadhani alikuwa anazuia kucheka, kisha akaacha kuzuia, akacheka kweli, akajifuta macho. Mama hakucheka. Mimi pia sikucheka, ingawa hata leo nikilikumbuka lile swali naona halina jibu lingine isipokuwa kicheko.

"Basi," mratibu alisema. Alitoa karatasi kwenye droo, si zile barua za vijana. Aliisoma yote kwa utulivu kama hajawahi kuiona. Akasaini, akaigeuza upande wa mama, akampa kalamu. "Mama, mwaka mmoja. Wewe fundi, wa kwako tutauzungumza Jumatatu, na uje na maelezo mafupi. Mafupi."

Mama aliviweka viatu chini kwanza ndipo akasaini. Aliandika jina lake lote, kwa herufi za kuungana, polepole, kisha akaomba nakala.

Alipotoka alikwenda kwenye chumba cha kompyuta, na akaniita kwa kidole. Alikaa kwenye kiti chake. Mimi nilisimama.

"Itoe ya kwako."

"Mama, ile ya pili kwa kweli ndiyo bora. Tungehamishia..."

"Itoe."

Niliinama juu ya bega lake nikaandika amri. Kila mstari aliuliza unafanya nini, na kila jibu aliliandika kwenye daftari, ukurasa uliofuata baada ya Nanganga. Niliposema imetoka, alisema, "Zima." Nikazima. "Washa." Nikawasha. Akafungua kompyuta ya ndani mwenyewe, ikafunguka. Akazima ya ndani, akasubiri dirisha lijifunge, akazima ya nje. Akawasha tena. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu alining'olea waya ukutani bila kunitahadharisha, betri ikaanza kulia, naye akafuata utaratibu wake wote bila kutazama kipande cha boksi.

"Hii amri ya kuitoa ya pili," aliniuliza, "ikirudi tena naandika hivihivi?"

"Hivyohivyo. Lakini haitarudi."

"Sikukuuliza kama itarudi."

Aliweka daftari karibu na skrini, akafungua orodha ya Ruangwa, akaanza kulinganisha majina ya kwenye karatasi na ya ndani, moja baada ya jingine. Kulikuwa na tofauti. Kwenye orodha ya Nanganga alisimama kwenye jina moja, akakumbuka msiba, akalifuta. Nilimwambia naweza kumsomea ili iende haraka.

"Hapana," alisema. "Toka nifanye kazi."

Nikatoka, nikaurudisha mlango.